Shimo la 18: nani anastahili nyota ngapi

Nianze na kipimo changu, maana bila hicho nyota nitakazotoa hapa chini hazitaeleweka. Nikiangalia shimo la mwisho la uwanja wowote wa gofu najiuliza vitu viwili tu: anayeongoza kwa mikwaju miwili (kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndo anashinda) akifika pale kwenye tii, yaani pa kupigia mkwaju wa kwanza, tumbo linamsokota au keshatulia? Na yule aliyeachwa kwa miwili, bado ana njia ya kupita au anamalizia tu kwa sababu lazima amalize? Basi. Wa kwanza akiwa katulia shimo halijafanya kazi yake, wa pili akikosa njia halijafanya kazi yake vilevile, hata kama bahari ipo pembeni na jua linazama na picha inapendeza namna gani.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi wakisifia shimo la 18 utasikia wanasifia ugumu, oo refu sana, oo maji kila upande, oo siku ile hakuna aliyepata bedi (kumaliza kwa mkwaju mmoja pungufu ya hesabu ya shimo). Ugumu ni rahisi kuutengeneza jamani, unachimba bwawa mbele ya grini (ile sehemu ya nyasi fupi yenye bendera), unarudisha tii nyuma yadi 50, umemaliza. Kazi ni kutengeneza shimo ambalo mtu anaweza kutoka na mikwaju 3 au akatoka na 6 na zote mbili zimetokana na uamuzi wake mwenyewe dakika kumi zilizopita. Mimi gofu naiangalia kwenye tivii miaka mingi, mashindano makubwa nayarudia mpaka najua grini fulani inamwaga mpira upande gani, na wikendi nacheza mwenyewe, kwa hiyo haya ya majina makubwa naongea kama mtazamaji na yale ya mwishoni naongea kama mchezaji.

Old Course, St Andrews, Scotland. Nyota tano, na ingekuwepo ya sita ningeitoa.

Ukilisoma kwenye kadi hili shimo halitishi hata kidogo. Yadi 357, pa-4 (yaani hesabu yake ni mikwaju minne), limenyooka, banka, yaani shimo la mchanga, hamna hata moja, feawei yake (njia ya nyasi zilizokatwa) imeungana na ya shimo la kwanza ikawa uwanda mmoja mpana mno, na kuna barabara ya watu inakatiza katikati yake. Wachezaji wa leo upepo ukikubali wanaifikia grini kwa mkwaju mmoja. Sasa mtu anauliza, ukubwa wa hili shimo uko wapi? Uko kwenye kile kibonde mbele ya grini upande wa kushoto, Valley of Sin, yaani Bonde la Dhambi. Hakina maji, hakina mchanga, ni nyasi fupi tu zilizobonyea, lakini mpira ukiwa mfupi kidogo unarudi humo taratibu huku unautazama, afu unabaki na kazi ya kuchagua: uputi (uuviringishe tu) kupanda kile kimlima, uchipu (uunyanyue kidogo) juu kwa juu, au uuburuze chini kwa ayani, yaani fimbo ya chuma? Zote zinawezekana, na hapo ndo shida ilipo, maana ukiwa na njia moja tu unaipiga bila kufikiri ila ukiwa na tatu mikono inaanza kusita. Ukiogopa bonde ukapiga kwa nguvu unapita nyuma. Ukijilinda na kushoto... hapana kushoto ni pana, shida iko kulia, kule kuna uzio na ng'ambo yake mpira umekufa. Yaani kila kitu kipo wazi mbele ya macho, hakuna kilichofichwa, na bado watu wakubwa wameangukia pale.

Mfano wa Costantino Rocca kwenye The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, mwaka 1995 ndo ninaoutumia kila nikibishana na mtu kuhusu hili. Alihitaji bedi, yaani 3, ili amfikie John Daly. Drive, yaani mkwaju wa kwanza, akaiweka karibu kabisa na grini, akabakiwa na chipu fupi, akaigonga vibaya, mpira ukaingia bondeni. Watu wote tukajua yameisha. Akachukua puta yake, akaupiga kutoka chini kule, karibu futi 60, ukapanda, ukakunja, ukaingia. Alianguka chini akawa anapiga ardhi kwa ngumi. Daly akashinda kwenye mashimo manne ya nyongeza, lakini angalia hiyo dakika moja: shimo lilelile la nyasi fupi lilimnyima Rocca na likamrudishia ndani ya mikwaju miwili. Banka isingeweza kufanya hivyo, bwawa ndo kabisa. Na miaka 25 kabla yake, 1970, Doug Sanders alihitaji 4 tu pale ashinde The Open, akabakiwa na puti fupi ya karibu mita moja, akaikosa. Kesho yake kwenye raundi ya nyongeza Jack Nicklaus alipiga drive mpaka ikapita grini ya 18, akapata bedi akashinda kwa mkwaju mmoja. Kwa hiyo ndani ya siku mbili shimo moja limemwangusha mtu kwa puti fupi na limempa mwingine ushindi kwa drive ndefu. Maswali yangu yote mawili limeyajibu.

Carnoustie, Scotland pia. Hili limenisumbua, nimelipa nyota tano, nikashusha, nikalipandisha nusu. Nne na nusu.

Linaitwa Home, yadi 499, bado linahesabiwa pa-4, na kuna kijito kinaitwa Barry Burn ambacho kinajikunja kama nyoka, unakutana nacho kwenye drive, afu kinakusubiri tena mbele kidogo tu ya grini. Kushoto kuna mpaka wa uwanja, ukivuka mkwaju umepotea. Kwa swali langu la kwanza hili ndo baba lao, anayeongoza pale HATULII hata awe anaongoza kwa mitatu. Kila mtu anakumbuka Mfaransa Jean van de Velde kwenye The Open ya 1999, alikuwa mbele kwa mitatu, alihitaji 6 tu, yaani angeweza kufanya dabo bogi (mikwaju miwili zaidi ya pa) na kikombe kikawa chake. Akatoa draiva, fimbo ndefu kuliko zote, mpira ukaenda kulia lakini ukapona maji. Hapo ndo watu huwa wanasahau, baada ya drive bado alikuwa salama. Akachukua ayani 2 akaenda kutafuta grini, mpira ukagonga jukwaa la watazamaji, ukarudi ukagonga ukuta wa kijito, ukaishia kwenye rafu nene (nyasi ndefu), mkwaju wa tatu ukaingia majini, akavua viatu akaingia kuuangalia, akaghairi akachukua adhabu iliyohesabiwa mkwaju wa nne, wa tano banka, wa sita kutoka, na ile puti ya 7 aliyoingiza ili angalau afike nyongeza ilikuwa ya kiume kwelikweli na haisemwi vya kutosha. Paul Lawrie ambaye siku hiyo alianza akiwa nyuma kwa mikwaju 10 ndo akaondoka na kombe.

Wengi wanamlaumu yule Mfaransa kwa kutocheza salama. Mimi nalisifu shimo, kwa sababu njia salama ilikuwepo, fimbo fupi, fimbo fupi, fimbo fupi, puti mbili, ila shimo limejengwa kiasi kwamba hata hiyo salama haionekani salama ukiwa umesimama pale na kijito kinakuchungulia. The Open ya 2007 tena, Padraig Harrington akaingiza mipira miwili kwenye hicho kijito shimo hilohilo, akatoka na 6, watu wakamzika, afu Sergio Garcia akaja nyuma yake akahitaji 4 ashinde akapata 5, wakaenda nyongeza na Harrington akashinda.

Sasa mbona nimekata nusu? Kwa sababu ya swali la pili. Aliye nyuma pale tumaini lake kubwa ni mwenzake aanguke. Mlango wake mwenyewe upo lakini mwembamba sana, Francesco Molinari aliupita 2018 kwa bedi iliyomfungia kazi, sawa, ila wangapi wanaupita? Napenda shimo ambalo linamwambia aliye nyuma njoo, jaribu. Carnoustie linamwambia kaa hapo usubiri.

Pebble Beach, California. Nne.

Najua nitagombana na watu hapa. Hakuna shimo la mwisho lililopigwa picha likapendeza kuliko lile, pa-5, yadi 543, Bahari ya Pasifiki upande wote wa kushoto kuanzia tii mpaka grini, limepinda kufuata ufuo kama mundu. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba uwanja ulipofunguliwa 1919 hilo shimo lilikuwa pa-4 ya kawaida, ni Herbert Fowler ndo alilirefusha mwaka 1922 likawa hivi tunavyoliona. Mabadiliko machache sana kwenye gofu yamekuwa na faida kubwa namna hiyo. Na pa-5 kumalizia ni wazo zuri, aliye nyuma anapata nafasi ya kweli, akikata kona ya bahari kwa drive anaweza kuifikia grini kwa miwili, akaputi kwa ajili ya igo yaani 3, na mambo yakageuka.

Tatizo langu ni anayeongoza. Akiwa mbele kwa miwili anaweza kutoa fimbo ndogo, akaelekea kulia mbali na maji, fimbo ndogo tena, afu weji (fimbo ya mikwaju mifupi ya juu), puti mbili, kwa heri. Bahari inabaki kuwa pambo kwake. Shimo zuri linamlazimisha anayeongoza naye alipe kitu, na pale halimlazimishi sana. Uzuri wake wa macho mimi naupa heshima yote, nikipata nafasi ya kutembea pale nitatembea polepole kabisa, ila nyota zangu ni za maswali yangu.

The Belfry, Uingereza, uwanja wao wa Brabazon. Nne na nusu, na kwa mechi za mtu kwa mtu nalipa tano.

Hapa ndo utaelewa maji yanavyotakiwa kutumika. Maji yamekaa kwa mshazari, unayavuka kwenye drive na unayavuka tena kwenda grinini. Ukitaka kukata sehemu kubwa ya ziwa kwa drive, mkwaju wa pili unakuwa mfupi. Ukiogopa ukaenda kulia, umepona lakini sasa umebakiwa na mkwaju mrefu sana wa kuvuka maji yaleyale. Yaani woga hautolewi bure, unakopeshwa tu na unadaiwa mkwaju unaofuata! Hii ndo akili ya ujenzi wa viwanja ninayoipenda kuliko zote. Ryder Cup ya 1989, mashindano ya timu ya Ulaya na ya Marekani, Wamarekani Payne Stewart na Mark Calcavecchia wote wawili walizamisha mipira pale wakapoteza mechi zao, halafu Christy O'Connor Jr wa Ulaya akiwa mbali kabisa, na Fred Couples wa Marekani akiwa amepiga drive ndefu yuko karibu na fimbo fupi mkononi, O'Connor akapiga ayani 2 kuvuka ziwa mpira ukakaa kama futi nne kutoka bendera, Couples na fimbo yake fupi akaikosa grini. Mashindano yakaisha 14 kwa 14. Aliyeonekana yuko pazuri ndo aliyepoteza.

Sawgrass ya Florida nalipa nne, yadi 462, maji kushoto mwanzo mwisho na grini imeegemea hayohayo maji, kali, wazo ni lilelile la Belfry ila kwa ukatili zaidi kidogo. Harbour Town ya South Carolina tatu na nusu, ule mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe nyuma ya grini unakupa kitu cha kulenga na feawei ni pana kiasi cha kushangaza, watu wa kawaida wanalifurahia sana, ila kwa upana ule drive haiumizi mtu.

Na kabla mtu hajasema basi maji ndo siri, tuangalie Winged Foot West ya New York. Tone la maji hamna. Feawei imekunja kushoto, miti, na grini imeinuka ina mawimbi. 2006 siku ya mwisho ya US Open, Colin Montgomerie alikuwa katikati ya feawei kabisa, mpira umekaa vizuri, akatoka pale na 6. Dakika chache baadaye Phil Mickelson akiongoza kwa mmoja akatoa draiva, ukaenda kushoto kwenye mahema, mkwaju wa pili ukagonga mti, na yeye 6. Geoff Ogilvy aliyekuwa keshamaliza na 4 yake ya kuchipu na kuputi ndo akawa bingwa. Nyota tano bila kufikiria. Grini ya namna ile inalinda shimo kuliko ziwa lolote, maana ziwa linakuadhibu mara moja ukajua limekuadhibu, grini yenye mawimbi inakuacha uamini umepona.

Cypress Point ya California sasa. Mbili. Inauma kuandika, kwa sababu yale mashimo yake ya 15, 16 na 17 kando ya bahari hayana mpinzani duniani, ukimaliza 17 moyo uko juu kabisa, afu unageuka unaingia kwenye shimo fupi linalopanda limebanwa na miti mpaka hujui upige wapi. Wapenzi wengi wa uwanja ule wanalisema hili kwa huzuni kama ninavyolisema mimi. Halina swali lolote zaidi ya nyoosha mpira.

Kuna jambo la kumalizia na pa-3 nalo watu wanabishana. East Lake ya Atlanta walimalizia na pa-3 ndefu miaka na miaka, mwaka 2016 wakageuza mashimo, tisa za mwisho zikawa za kwanza, sasa wanamalizia na pa-5. Naunga mkono. Pa-3 ina mkwaju mmoja mkubwa tu na wote wawili wanasimama sehemu moja na fimbo karibu ileile, hakuna nafasi ya mmoja kuthubutu na mwenzake kujilinda. Pa-3 inafaa iwe ya 17, ikikaa hapo inatisha vizuri sana.

Sasa tuje kwetu sisi wa wikendi, maana hapa ndo wajenzi wengi wanatukosea. Nimecheza uwanja mmoja, jina naliacha, ambao walikarabati shimo la 18 wakachimba bwawa mbele ya grini kwa upana wote, huwezi kuzunguka kushoto wala kulia. Mchezaji mzuri anapita juu kwa ayani 6, hata halioni. Sisi wenye hendikapu (mikwaju ya ziada anayopewa asiye mkali) ya 18 au 20 tunafika tukiwa tumebakiwa na yadi 190, miguu imechoka, mashimo 17 yameshakaa mwilini, na chaguo ni moja tu, vuka au zama. Nimecheza pale mara nne. Mara mbili mzee tuliyekuwa naye kwenye kundi aliokota mpira wake hapo kwenye feawei akasema nyie malizieni, akatembea kuelekea jengo la klabu peke yake. Saa nne za mchezo, rafiki zako, afu shimo la mwisho linakufanya usimalize. Nyota moja, na hiyo moja ni ya mtu wa kukata nyasi ambaye kazi yake ni safi mno. Kama lazima pawe na maji acheni upande mmoja wazi, mtu apite kwa kuzunguka, alipe mkwaju mmoja lakini aputi mpira wake ule aliouanza nao.

Na kuna lingine, uwanja mwingine wala hauna sifa, ambao shimo lake la 18 ningependa wajenzi wote waende walione. Pa-4 ya yadi 340 hivi. Grini iko chini ya kibaraza cha klabu, walioko kule juu wanakuona ukiwa umbali wa yadi 100, wananyamaza kidogo ukiputi, hilo peke yake linabadilisha mapigo ya moyo. Feawei pana, kuna banka moja tu kulia pale drive nzuri inapotua. Mara ya kwanza nilielekea kushoto mbali na banka nikaona nimetumia akili, kufika kwenye mpira nikakuta grini imeinamia upande mwingine kabisa na kuna tuta limeziba nusu ya bendera. Kedi aliyenibebea fimbo siku hiyo, mtu mzima, akaniambia tu, "Ukitaka kuiona bendera yote bosi wangu, lazima uipitie banka karibu." Akanipa ayani 8, nikafika grinini ila nikabakiwa na puti ya kama futi 40 kwenye mteremko, nikaputi tatu. Tangu siku hiyo kila nikifika tii ya 18 pale nasimama naiangalia ile banka, nikiwa nimecheza vizuri naikwepa, nikiwa nyuma napiga jirani nayo kabisa, na mipira imeniangukia ndani mara kadhaa na sijawahi kujuta. Wenye nguvu nao wanajaribu kuifikia grini kwa mmoja na wanajikuta nyuma ya lile tuta wanahangaika.

Nimelipa nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu ya banka nyingine waliyoiweka nyuma ya grini, haimgusi mtu yeyote, wangeifukia pakawa mteremko wa nyasi fupi, mpira unaopita ukaendelea kushuka mpaka chini ya kibaraza na mtu akalazimika kuchipu kupandisha huku wote wanamtazama.